Bango la Wangeci

"Mzee, wacha nimwite fundi akate huu ukuta na msumeno," Jerop alisema. "Ubebe picha pamoja na mbao zake, uende ukaitoe pole pole huko kwako."

Gerishon hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya udongo, sikio karibu liguse ukuta, akigongagonga magazeti kwa ukucha ili asikie yalipoachana na mbao na yalipong'ang'ania.

"Bango halitolewi kwa msumeno, mwalimu," alisema. "Hiyo ni kazi ya mtu asiyejua kazi."

Basi fundi hakuitwa. Jerop alikuwa amefundisha watoto wabishi kwa miaka kumi na tisa na alijua wakati wa kunyamaza. Aliketi juu ya gunia la magunzi akamwachia mzee ukuta wake.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mabanzi, mojawapo ya zile zilizobaki chache upande huu wa Moi's Bridge, na siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwake kusimama. Kaka yake Jerop alikuwa amemjengea mama yao nyumba ya mawe hatua thelathini kutoka hapo. Saa nane mafundi wangekuja kuezua mabati, na kabla ya jioni mabanzi yangekuwa kuni. Baba yao, Kipngetich, ndiye aliyeijenga hii ya zamani, mwaka wake wa mwisho akiwa bawabu wa sinema huko Eldoret. Alikuwa amefariki miaka minne iliyopita.

Nyumba ya mabanzi haina siri na upepo. Kwa hiyo kila Desemba, kabla ya Krismasi, Esther, mke wa Kipngetich, alikoroga uji mzito wa unga wa ngano, akauvalisha ukuta magazeti mapya juu ya yale ya mwaka uliotangulia. Mvulana akitaka kujifunza kusoma alisoma ukuta. Mgeni akichoka na mazungumzo alisoma ukuta. Miaka ilipandana hapo mpaka chumba kikapungua kidogo. Chini kabisa, mahali pa gazeti la kwanza, Kipngetich alikuwa amebandika mabango ya sinema aliyoyabeba siku ukumbi ulipofungwa ukawa kanisa.

Jerop aliyaona wiki iliyopita alipokuwa akitoa vyombo. Kona moja ya ukuta ilikuwa imebambuka, na badala ya mbao akaona farasi na mtu mwenye bunduki. Mwalimu mwenzake akamwambia, kuna mzee Eldoret, pale mtaa wa West Indies, anayekusanya vitu hivyo. Mzee wa Sinema, watu humwita hivyo.

Mzee wa Sinema alikuwa na mabango arobaini na matatu. Aliyaweka yakiwa yamekunjwa ndani ya mabomba ya plastiki, kila bomba na karatasi yake: jina la filamu, mwaka, na mahali alipolipata. Alikuwa ameyatoa kwenye dari, kwenye mapipa, chini ya magodoro ya watu, na mengi ameyabandua mwenyewe ukutani kwa maji na subira. Wapo walioyasafiria kutoka Nairobi ili wayaone tu. Wageni hao walidhani anapenda sana sinema. Ukweli ni kwamba Gerishon hakuwahi kumaliza filamu hata kumi maishani mwake, maana alikuwa mbandika mabango wa ukumbi ule ule wa Kipngetich, na filamu ilipokuwa ikichezwa yeye alikuwa nje na ndoo ya gundi akibandika bango la wiki ijayo.

Alichokuwa akitafuta ni bango moja. Hayo arobaini na matatu aliyakuta njiani.

Mwaka wa 1978 makopo ya filamu yalikuja kutoka Nairobi bila bango. Jambo hilo lilitokea mara kwa mara, na likitokea kazi ilikuwa ya Gerishon: kuchukua karatasi kubwa nyeupe na kuchora mwenyewe. Barua iliyokuja na makopo ilisema tu kwamba filamu inamhusu mke wa stesheni masta anayesubiri treni. Gerishon hakuwa amemwona mke huyo. Aliyekuwa amemwona, kila siku, kupitia kidirisha cha tiketi, alikuwa msichana aitwaye Wangeci. Akamchora yeye. Jumamosi watu walipanga foleni, wakatazama bango, wakafika kwenye kidirisha, wakamtazama muuza tiketi, na foleni nzima ikaanza kucheka.

Wangeci hakumsemesha siku tatu. Siku ya nne alimwambia kupitia kidirisha, "Ile pua ulichora ni ya mama yako. Yangu si hiyo." Mwaka uliofuata walifunga ndoa.

Ukumbi ulipofungwa Gerishon alikuwa Nakuru kwenye mazishi, na aliporudi alikuta stoo ya mabango imefagiliwa. Wakati huo hakuumia sana. Bango la nini, na mwenyewe yuko jikoni akimgombeza kwa kuingia na viatu? Kisha ukaja mwaka wa 2008, na vurugu za uchaguzi zilizogawanya majirani. Nyumba yao iliungua na kila kilichokuwa ndani, pamoja na picha tatu ambazo Wangeci alikubali kupigwa maishani mwake. Ni tatu tu, kwa sababu mwanamke yule hakukubali kupigwa picha kabla hajaosha uso, na akimaliza kuosha uso mpiga picha alikuwa ameshachoka na kwenda zake.

Wangeci alifariki miaka miwili iliyopita. Kwenye karatasi ya mazishi waliweka picha ya kitambulisho, na humo alionekana kama mtu aliyesimamishwa na polisi barabarani. Tangu hapo kila Gerishon akifumba macho alimwona Wangeci wa hospitali, mashavu yameingia ndani, midomo imekauka. Yule wa kidirishani alikuwa anamtoroka. Alijua alikuwa mzuri, kama mtu anavyojua jina la mtaa alioishi zamani, lakini uso wenyewe hakuuona tena. Jambo hilo lilimtia hofu kuliko kifo chake mwenyewe, na hakumwambia mtu isipokuwa binti yake Nyakio anayekaa mtaa wa Pioneer. Nyakio naye alikuwa na binti wa pili aliyepewa jina la bibi yake, mtoto wa miaka minane ambaye kila mara aliuliza, "Huyo Wangeci mwingine alikuwa anakaa aje, kwa sura?"

Kwa hiyo asubuhi hii hakuwa na mchezo na ule ukuta.

Alitoa vifaa vyake: chupa ya kupulizia maji, sponji, kisu butu cha kupakia siagi, vipande vya shuka kuukuu. Aliweka karai chini ya ukuta ili maji yasigeuze sakafu kuwa matope. Halafu akaanza kupuliza, kungoja, kubandua. Magazeti yalishuka kwa mafungu, Krismasi baada ya Krismasi. Lilitoka bango la farasi, likiwa zima. Likafuata la mtu wa kareti aliyeruka juu ya meza, nalo zima.

"Na haiharibiki na hiyo maji yote?" Jerop aliuliza.

"Wino wa kiwandani hauogopi maji. Kinachoogopa maji ni ule uji wa mama yako." Alikuwa amefurahi, hata akamtania. "Mama yako alikoroga uji ya kubandika ama ya kujenga daraja?"

Jerop akacheka. Gerishon akahamia ukuta wa upande wa kitanda na karai lake.

Hapo mambo yalikuwa tofauti. Gazeti la chini kabisa halikuwa limebandikwa lote. Uji ulikuwa umepakwa kwenye pembe nne tu, haraka haraka, kama kazi ya mtu mwenye hasira. Gerishon aliingiza kisu kwenye pembe moja, kikavu, bila tone la maji. Pembe ikaachia. Akaingiza kwenye ya pili, na gazeti lote likaning'inia, likaanguka lenyewe.

Wangeci alikuwa pale.

Alikuwa amefunga kitambaa cha manjano, sikio moja nje. Macho yalikuwa yanatazama kama muuza tiketi anavyomtazama mtu aliyefika na noti kubwa asubuhi na mapema. Mwanya wa meno ya mbele ulikuwepo. Pua kweli haikuwa yake. Masizi ya taa ya koroboi yalikuwa yamepenya chini ya gazeti yakampaka paji la uso na shavu la kushoto, na juu yake herufi nyekundu zilisema MKE WA STESHENI MASTA, JUMAMOSI NA JUMAPILI.

Gerishon alikaa chini. Hakulia. Alitazama tu, na moja baada ya nyingine siku zikamrudia: jinsi alivyohesabu chenji kwa kusogeza midomo, jinsi alivyokohoa kabla ya kusema jambo la kuudhi. Uso ulikuwa umerudi na sauti yake. Alimtazama muda ambao Jerop aliona ni mrefu mno kumtazama mtu akitazama, naye Jerop akaangalia pembeni.

"Ni yeye?" aliuliza mwishowe.

"Ni yeye."

"Wacha nikupigie picha na simu, Mzee. Nitumie binti yako saa hii saa hii." Tayari alikuwa ameinua simu.

Gerishon alinyanyua mkono akaiziba. "Ngoja, mwalimu. Usimpige akiwa na masizi. Hawezi kukubali." Akatabasamu kwa aibu kwa kumsemea. "Ngoja kwanza nimuoshe uso."

Jerop akaishusha simu. Yeye pia alikuwa mwanamke, na aliona ni haki.

Gerishon alilowesha kipande cha shuka, akakikamua kidogo, akakilaza juu ya uso ule taratibu, kikafunika paji, macho, mwanya na kidevu. Mikono yake ilikuwa imefanya hivyo kwa miaka kumi na tano. Dakika kumi, masizi yanalainika, uji wa nyuma unalainika, unainua bango kama utando wa maziwa. Hakuhitaji kufikiri.

Hapo hapo mlangoni akatokea Esther na fimbo yake. "Chai iko tayari. Mtu hawezi toka kwangu bila chai, hata akiwa na haraka ya namna gani."

Kukataa kusingewezekana. Walivuka ua hadi nyumba ya mawe, wakaketi, na Esther akainamisha kichwa kuombea chai. Alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa mahindi, kwa nyumba mpya, kwa mgeni aliyesafiri njia yote hiyo. Alimwombea Kipngetich. Alimwombea na mke wa mgeni, Wangeci, kwa jina lake kamili. Maombi yalikuwa marefu. Hakuwa na haraka nayo.

"Yeye ndiye alinifanya nibandike lile gazeti," Esther alisema alipomaliza, akimimina. "Baba Jerop aliweka hiyo picha karibu na kitanda. Nilikaa nayo mwaka mzima. Halafu nikamwambia, mimi siwezi lala na mwanamke mwingine ananiangalia."

Gerishon akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka hivyo tangu mazishi.

"Baba Jerop alikuwa anajua ni yako," Esther aliendelea. "Alisema, hii nitapelekea Gerishon siku moja. Alikuwa anasema kila mara. Halafu ikaja ile mwaka, na watu wakawa... unajua vile watu walikuwa."

"Najua, Mama."

Walikutana mara mbili baada ya mwaka ule, yeye na Kipngetich, sokoni Eldoret. Walisalimiana kwa adabu, kila mmoja akaenda zake. Gerishon aliomba kikombe cha pili, kwa ajili ya Kipngetich, ingawa hakusema hivyo.

Waliporudi, jua lilikuwa limeingia kupitia nyufa za mabanzi. Gerishon alipiga magoti. Kile kipande cha shuka kilikuwa kimegeuka rangi ya kahawia, na kwa nukta moja hakuelewa anachokiona. Masizi ni meusi. Alishika pembe mbili za juu akakiinua.

Wangeci aliteremka ukutani. Alishuka kwa michirizi, kahawia na manjano, akipita juu ya mbao hadi kwenye karai, na sauti yake ilikuwa ya matone tu. Gerishon aliweka viganja vyote viwili kwenye karatasi ili amzuie, na alipoviondoa, palipokuwa na macho palikuwa na alama za viganja.

Ndipo akakumbuka. Stoo ya sinema, mwaka wa 1978, meneja akikataa kununua rangi ya mafuta kwa ajili ya bango la siku mbili. Rangi ya unga ya shule, iliyokorogwa kwa uji wa ngano ndani ya kopo la jemu. "Litakaa ndani ya kioo, halitanyeshewa," alikuwa amemwambia meneja. Herufi tu ndizo alizoziandika kwa mafuta, mabaki ya rangi ya milango. Aliyajua hayo yote. Alikuwa ameyajua maisha yake yote. Lakini alipomwona alimwona Wangeci, akasahau kwamba ni rangi.

Alikifunua kile kipande cha shuka akakitazama kwenye mwanga, labda uso umehamia huko. Palikuwa na doa tu, kama la kitambaa kilichopangusa meza iliyomwagikiwa chai.

Karatasi yenyewe ilibanduka vizuri. Ilitoka nzima, bila kuchanika hata ukingo. MKE WA STESHENI MASTA, ilisema, nyekundu kama siku ilipoandikwa, na chini ya hapo hapakuwa na mtu.

Jerop alisimama na simu mkononi, mdomo wazi. Alitaka kusema kuhusu msumeno. Alitaka kusema kuhusu picha, kwamba ilibaki kidole kimoja tu abonyeze. Akaitia simu mfukoni, na mpaka leo anajishukuru kwa hilo.

"Nimemwosha mimi," Gerishon alisema. "Kwa mikono yangu."

Esther alisogea na fimbo yake, akaketi kwa taabu kwenye gunia la magunzi. Aliitazama ile karatasi kwa muda.

"Kitambaa yake ilikuwa ya manjano," alisema. "Hii sikio ilikuwa nje, hii ya kulia. Na alikuwa ananiangalia kama mtu anataka kucheka lakini ako kazini. Mimi namkumbuka vizuri. Mwaka mzima si mchezo."

"Sema tena, Mama," Gerishon alimwomba.

Akasema tena. Akasema mara ya tatu, pole pole, kama anayemfundisha mtoto njia ya kwenda dukani. Nje, mafundi walikuwa wamefika na walisikika wakitegemeza ngazi.

Jerop aliinama kuchukua karai. "Wacha nimwage hii maji, Mzee, upange vitu yako."

"Usimwage."

Alilisema kwa sauti ndogo, lakini Jerop aliacha mikono hapo hapo hewani.

"Kama uko na mtungi yenye kifuniko," alisema Gerishon, "nisaidie."

Waliupata mtungi wa plastiki wa lita tano uliokuwa wa mafuta ya kupikia. Jerop aliusuuza mara tatu. Gerishon alimimina mwenyewe, karai limeegemezwa kwenye goti, bila kumwaga tone, kisha akapangusa mbao kwa sponji, pale michirizi ilipokuwa bado mibichi, akaikamulia humo humo. Mtungi ulijaa nusu, maji ya rangi ya kahawia yenye manjano kidogo. Alifunga kifuniko, akajaribu kukigeuza, akafunga tena.

Mabango mawili mazima, lile la farasi na lile la kareti, aliyasahau juu ya kitanda. Jerop alimkimbilia nayo hadi langoni na kumkuta amesimama, mtungi kifuani, simu ya vitufe sikioni.

Sauti ya Nyakio ilisikika hadi hapo. "Baba? Ulimpata?"

"Nilimpata."

"Wacha. Ni yeye kabisa?"

"Ni yeye kabisa. Alikuwa amefunga kitambaa cha manjano."

"Huyu mtoto wako anaruka ruka hapa, anasema umlete leo leo." Nyakio alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Baba, uko naye hapo?"

Gerishon aliutazama mtungi. Nyuma yake bati la kwanza liling'olewa misumari, likalia.

"Niko naye," alisema. "Nakuja naye pole pole."

Alifika West Indies jua likiwa bado juu. Hakuwasha redio, hakuvua koti. Alisogeza mabomba mawili kwenye rafu, karibu na dirisha, akauweka mtungi katikati yao. Kisha akachukua kalamu na karatasi ya kubandika, kama alivyofanya kwa yale mengine yote, ili aandike jina la filamu, mwaka, na mahali alipolipata. Aliandika Wangeci, 1978, na sehemu ya tatu akaiacha wazi.

Alivuta kiti akaketi mbele yake. Maji yalikuwa yametikiswa na safari na hayakuonyesha kitu, lakini aliijua rangi ile ya unga, ukiipa muda bila kuigusa hushuka chini yenyewe. Nyakio na mtoto walikuwa njiani kutoka Pioneer. Aliweka mikono yake magotini, mbali na mtungi, akangoja itulie.